Shajara ya Mradi: Kuchagua Spika Mpya za Hilux

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo nimeianza rasmi kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana, yaani kutafuta spika za kuchukua nafasi ya zile zilizochoka katika pikapu yetu. Gari ni Toyota Hilux Vigo ya mwaka 2009, dabo kebini, yenye injini ya dizeli ya lita 2.5, na ni gari la kazi: kila wiki huondoka Iringa, humaliza kilomita zipatazo 80 za lami hadi Mafinga, kisha huingia barabara ya vumbi ya kuelekea Mgololo likiwa limebeba miche ya misonobari, mbolea au mbao. Mara nyingi mama yangu huwa kiti cha mbele, kwa sababu shamba ni lake na yeye ndiye anayelijua.

Kilichonifanya nisiahirishe tena ni neno moja. Wiki iliyopita tulikuwa tukirudi kutoka Mafinga, nyuma ya lori lililobeba shaba kutoka Zambia kwenda bandarini Dar es Salaam, na redio ikawa inasoma habari ya kupanda kwa bei ya shaba. Mama akaniuliza, "Saba ya nini, mwanangu, iliyopanda bei?" Mimi nami nilikuwa nimesikia "saba", na nilielewa tu kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye lile lori. Nilipoongeza sauti, kelele iliongezeka na neno halikusafishika. Mama ana miaka 68, na nyumbani husikiliza redio yake ndogo ya betri jikoni huku sufuria ikichemka, bila kupotewa na neno. Kwa hiyo masikio yake hayana lawama, na sitaki asafiri saa nzima ya habari akiambulia nusu.

Nimejiwekea masharti kabla ya kuingia madukani, kwa kuwa najua duka la spika linavyoweza kumchukua mtu mbali na haja yake. Redio iliyopo inabaki. Siongezi amplifaya wala sabufa, kwa sababu nafasi iliyo nyuma ya kiti inahifadhi jeki, kamba na maturubai. Fedha yote isizidi shilingi 350,000, pamoja na waya na vifaa vya milangoni. Na spika zitakazochaguliwa zitahukumiwa kwa maneno kwanza, muziki baadaye.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefungua mlango wa mbele wa kushoto, kisha wa kulia. Paneli hushikwa na skrubu chache, moja ikiwa imefichwa nyuma ya kitasa cha ndani, na klipu za plastiki zinazozunguka ukingo wote. Nilizivuta kwa kabari ya plastiki badala ya bisibisi, kwa kuwa bisibisi huacha majeraha kwenye paneli na huvunja klipu ambazo gari likishakuwa na umri huu hazitoki kirahisi bila kuvunjika.

Spika ya kushoto, ya umbo la yai ya inchi 6 kwa 9, ilikuwa imekwisha. Ule ukingo wa sponji unaoiunganisha koni na fremu ulibaki vidoleni mwangu kama makapi ya chai, na karibu nusu ya koni ya karatasi ilikuwa inaning'inia. Sponji ya aina hii huoza kwa unyevu na joto, na mlango wa gari linalolala Mufindi, wilaya liliko shamba, penye ukungu kisha likashinda juani hukusanya vyote viwili. Spika ya kulia ilionekana nzima, lakini nilipoisukuma koni taratibu kwa vidole viwili nilisikia mkwaruzo wa mchanga: vumbi la chuma limeingia kwenye mwanya wa sumaku, na koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, inasugua kila inapotembea.

Nilizipima zote mbili kwa multimita. Ya kushoto ilisoma omu 3.4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na ya kulia 3.5, na hayo ndiyo masomo ya kawaida ya spika inayoitwa ya omu 4, kwani kipimo cha waya peke yake huwa chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu mafundi wengi hupima hapo, wakaona waya haujakatika, wakasema spika ni nzima. Multimita huusema ukweli kuhusu koili. Kuhusu sponji iliyooza na vumbi la chuma haina habari.

Mlangoni nilikuta mambo mengine mawili yanayohusu uchaguzi wenyewe. Karatasi ya nailoni inayotenganisha upande wa maji na upande wa paneli ilikuwa imepasuliwa na aliyefungua mlango kabla yangu, na hakuirudisha. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yalikuwa yamezibwa na tope. Nilipoyazibua kwa waya, maji ya kiasi cha kikombe yalimwagika juu ya viatu vyangu. Spika yoyote nitakayoichagua itaishi katika chumba hicho chenye maji, hivyo ukingo wa mpira na koni ya plastiki vimekuwa sharti.

Kabla ya kufunga nilifanya jaribio la betri ndogo ya 1.5 volti. Unagusa nyaya za spika kwa sekunde moja: chanya ikiwa kwenye chanya, koni hutoka nje. Nilifanya hivyo kuanzia kwenye plagi ya nyuma ya redio ili njia yote ipimwe. Kushoto koni ilitoka. Kulia iliingia ndani. Toyota hutumia rangi zinazojulikana, pinki na zambarau kwa mbele kushoto, kijani hafifu na bluu kwa mbele kulia, ya kwanza ikiwa chanya katika kila jozi, na aliyefunga redio hii miaka iliyopita aliigeuza jozi ya kulia. Maana yake ni kwamba kwa muda wote huo spika moja ilikuwa ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi ya kushoto ilikuwa ikiliwa na ya kulia. Nilizirudisha nyaya mahali pake, na hata kwa spika hizi mbovu besi ilirudi kwa kiasi kinachosikika.

Jumapili, 16 Machi

Sitaki kununua kwa kukisia, hivyo nimetengeneza kipimo changu. Nimerekodi kwa simu, kwa sauti ya dada yangu, maneno 20 yaliyochanganywa bila mpangilio kutoka katika jozi hizi: saba na shaba, soka na shoka, suka na shuka, sina na shina, sindano na shindano. Kila neno linasimama peke yake ili msikilizaji asisaidiwe na sentensi. Simu inaunganishwa na redio kwa waya, gari linatembea kilomita 60 kwa saa kwenye lami ya Iringa kwenda Ifunda, madirisha yamefungwa, na mama anataja alichosikia wakati dada yangu, aliyeketi nyuma, anaandika.

Sababu ya kuchagua jozi hizi ni kwamba mlio wa "s" nguvu yake kubwa iko juu, takriban kilohezi 5 (yaani mitetemo elfu 5 kwa sekunde) na kuendelea, na ule wa "sh" huanza chini zaidi, kwenye kilohezi 2 au 3. Spika isiyofika juu huikata "s" kichwa, na kilichobaki sikio haliwezi kukitenganisha na "sh". Irabu hubaki nene na zenye nguvu, ndiyo maana mtu hudhani anasikia vizuri. Anasikia sauti ya mtangazaji. Maneno ndiyo hayamfikii.

Mama alipata 12 kati ya 20. Mtu anayebahatisha tu angetarajiwa kupata 10. Kwa hiyo tumekuwa tukisafiri na redio inayotoa habari kwa kubahatisha, na sasa nina namba ya kuishinda.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimekaa na karatasi, kwa sababu kabla ya kujua spika gani inafaa lazima nijue redio ina uwezo gani wa kuisukuma.

Redio yetu ni Pioneer, na usoni imeandikwa wati 50 mara 4. Kitabu chake kinasema wazi kuwa hicho ni kilele. Nguvu ya kuendelea ni wati 22 mara 4. Hata asiye na kitabu anaweza kuupata ukweli huu nyuma ya redio, kwenye fyuzi: ni ya ampea 10, na umeme wa gari lililowashwa ni volti 14 hivi, kwa hiyo kinachoingia hakizidi wati 140 kwa muda wowote wa maana, na sehemu kubwa ya hizo hugeuka joto. Wati 200 haziwezi kutoka mahali zisipoingia.

Redio ikishatoa wati 22, swali la spika linabadilika. Haijalishi spika inaweza kustahimili wati ngapi. Kinachojalisha ni inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati chache. Kipimo hicho, ambacho nitakiita usikivu wa spika, huandikwa kwa desibeli: sauti inayopimwa mita 1 mbele ya spika iliyopewa wati 1. Kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Spika ya desibeli 91 ikilinganishwa na ya 87 ina tofauti ya desibeli 4, yaani kiasi cha mara 2.5 za nguvu, hivyo wati zangu 22 kwenye ile ya kwanza zinafanya kazi ambayo ile ya pili ingehitaji wati 55 kuifanya. Namba hiyo moja ndogo, inayoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, ina thamani kuliko maelfu ya wati yanayoandikwa mbele kwa rangi nyekundu.

Ukinzani nao una mpaka wake. Redio hii imeruhusiwa spika za omu 4 hadi 8. Zipo spika nzuri za magari zilizotengenezwa kwa omu 3 au chini ya hapo, zikiwemo baadhi za JBL, nazo huvuta umeme zaidi na kupaza zaidi, lakini kwa redio ya kudumu safarini katika kebini yenye joto sitazichukua.

Kuhusu umbo, mlango umetobolewa kwa 6 kwa 9, na sioni sababu ya kuupoteza uwanja huo. Eneo la yai la inchi 6 kwa 9 ni inchi za mraba 42 hivi, na la duara ya inchi 6.5 ni 33. Koni kubwa husukuma hewa zaidi bila kutembea mbali, na hilo humfaa asiye na sabufa.

Jumapili, 23 Machi

Jana jioni fundi wa jirani, mtu mwaminifu ambaye nimemwita mjomba tangu utotoni, alinipa wazo la bei nafuu: nibadilishe spika kwa zozote za kawaida, kisha niongeze jozi ya twita ndogo, yaani vispika vya sauti za juu, za shilingi 25,000 zenye kapasita yao, kifaa kidogo kinachozuia sauti za chini. Akaniazima jozi moja nijaribu. Jaribio hilo limenifundisha kuliko wiki nzima ya kusoma.

Nilizibandika twita kwa tepu mahali patatu kwa zamu: chini mlangoni pale spika ilipo, juu ya dashibodi, na kwenye ile pembe ya plastiki iliyo nyuma ya kioo cha pembeni. Zikiwa chini, mama alipata 13. Zikiwa juu ya dashibodi, 15. Kwenye pembe ya kioo, 16. Sauti za juu husafiri kama mwanga wa tochi, haziuzunguki mguu wala kitambaa, na twita iliyo mlangoni huwa inayaimbia magoti ya abiria. Hapo nikaziondoa kichwani spika za 6 kwa 9 zenye twita katikati ya koni, ambazo nilikuwa karibu kuzinunua. Muziki zingeupiga vizuri sana. Maneno ya mama yangeishia kwenye kanga yake.

Lakini 16 haikutosha, nami nikataka kujua kwa nini. Kapasita ya twita zile imeandikwa mikrofaradi 4.7. Kwa spika ya omu 4, kapasita hiyo huanza kupitisha sauti kwenye kilohezi 8.5 hivi, na chini ya hapo hupunguza. Sehemu kubwa ya "s" na karibu "sh" yote imeshapita kabla ya twita kuamka. Kapasita ya mikrofaradi 10 ingeishusha hadi kilohezi 4, ila twita nyepesi kama zile zingeungua kwa kubebeshwa mzigo wasioumbiwa. Nilimrudishia mjomba mali yake na kumweleza, alisikiliza hadi mwisho, akaichukua kapasita mkononi, akasema, "Basi ndiyo maana wateja hurudi wakisema zinalia tu kama chiriku."

Ninachokitafuta sasa kina sura kamili: seti ya vipande vilivyotenganishwa, yaani wufa (spika kubwa ya sauti za chini na za kati) ya 6 kwa 9 ya mlangoni, twita ya kwenda pembeni mwa kioo, na kigawa masafa chake chenye koili na kapasita, kinachotenganisha sauti za juu na za chini kwenye kilohezi 4 au chini. Omu 4. Usikivu wa desibeli 90 au zaidi. Ukingo wa mpira.

Jumamosi, 29 Machi

Duka la kwanza mjini lilikuwa na ukuta mzima wa spika. Kijana muuzaji alinitolea boksi lililoandikwa wati 1,000, njia tano, akasema, "Kaka, hizi zitaitikisa gari." Nilimwomba niiangalie kwa karibu, naye akakubali kwa ukarimu. Usikivu haukuandikwa popote, wala nguvu ya kuendelea. Katikati ya koni palikuwa na vispika vidogo vinne vyenye rangi ya fedha. Nilipoigeuza spika kuelekea dirishani na kuchungulia kwa nyuma, nyaya zilikwenda kwenye kimoja tu. Vitatu vilikuwa pambo. Kijana mwenyewe hakujua, na uso wake ulinionyesha kwamba hakujua. Sikununua, na nilimshauri amrudishie aliyemletea, kwani mwenye pikapu kama yangu atatoa fedha ya gunia kadhaa za mbolea kwa ajili ya vifuniko vya plastiki.

Duka la pili lilikuwa na seti nzuri ya vipande ya inchi 6.5 kutoka kampuni ya Kijapani, desibeli 87, shilingi 240,000. Nilisita mbele yake kwa muda mrefu. Twita yake ilikuwa ya hariri, laini sana sikioni. Hata hivyo ningelazimika kuziba tundu la 6 kwa 9, kupoteza eneo la koni, na kuifanya redio ihangaike kwa zile desibeli zilizopungua.

Mwishoni niliagiza Kariakoo, Dar es Salaam, kwa ndugu anayefanya kazi eneo la Gerezani, baada ya kumtumia ile sura kamili kwa ujumbe na kumwomba anipigie picha ya nyuma ya boksi, si ya mbele. Alipata seti ya 6 kwa 9 ya vipande: omu 4, nguvu ya kuendelea wati 80, desibeli 91, koni ya plastiki, ukingo wa mpira, mgawo kwenye kilohezi 3.5, kina cha milimita 78. Bei shilingi 260,000. Picha ya pili ilikuwa ya seti nyingine yenye desibeli 90 na kina cha milimita 68, kwa 235,000. Nimemwomba aniwekee zote mbili hadi Jumatatu, maana sijapima mlango.

Jumapili, 30 Machi

Nilipaswa kupima kina kabla ya bei. Kioo kikiwa kimeshushwa hadi chini kabisa, kutoka bati la mlango hadi kioo ni milimita 62. Hakuna spika hata moja kati ya hizo mbili inayoingia bila kuinuliwa kwa pete.

Swali likawa pete inaweza kuwa nene kiasi gani kabla spika haijaigusa paneli kwa mbele. Nilikanda unga wa ngano, nikabandika madonge manne kuzunguka tundu, nikairudisha paneli na kuibana, kisha nikaifungua na kuyapima madonge yaliyobanwa. Jembamba kuliko yote lilikuwa milimita 31. Fremu ya spika yenyewe inakula milimita 6, na koni inahitaji nafasi ya kutembea bila kuugusa wavu, hivyo pete haiwezi kuzidi 20.

Pete ya milimita 20 inanipa kina cha 82. Ile ya 78 ingebakiza milimita 4, na kioo cha gari linalopita kwenye matuta ya Mgololo hucheza zaidi ya hapo. Ile ya 68 inabakiza 14. Nimechukua ya 68 na kuipoteza desibeli moja bila majuto. Sumaku inayogonga kioo ingenigharimu kioo.

Jumamosi, 5 Aprili

Mzigo umefika kwa basi, salama. Nimepima wufa zote mbili: omu 3.5 na 3.5.

Pete nilianza kuzichonga kwa mbao ya MDF, ile ya unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, kama wanavyofanya wengi, kisha nikasimama. MDF ikilowa hufura kama mkate kwenye chai, na mlango wangu nimeuona ulivyobeba maji. Nimenunua mbao mbili za plastiki za kukatia nyama, zenye unene wa milimita 20, kwa shilingi 18,000 kila moja. Zinakatika kwa msumeno wa umeme bila kupasuka, hazinywi maji na zinashika skrubu sawasawa. Nilichora umbo kwa kutumia fremu ya spika ya zamani, na nikaziba mwanya kati ya pete na bati kwa mpira mwembamba wa milango ya majokofu.

Jumamosi, 12 Aprili

Kazi ya kufunga imechukua siku nzima, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja.

Spika za zamani zilikuwa zimeshikwa kwa riveti, hivyo nilizitoboa vichwa kwa drili, nikiwa nimetandika kitambaa chenye unyevu chini ili vipande vya chuma visiangukie ndani ya mlango na baadaye kuvutwa na sumaku mpya. Nilikata plagi kutoka kwenye spika mbovu na kuzilehemu kwenye nyaya za spika mpya, ili waya wa gari usikatwe hata mmoja. Kigawa masafa nimekiweka juu, mbali na njia ya maji, nikakifunga kwa tepu ya kitambaa ili kisigonge.

Kisha nikaushughulikia mlango wenyewe, na hapa namwomba yeyote atakayefuata njia hii asiharakishe. Sauti inayotoka nyuma ya koni ni kinyume cha ile ya mbele, na zikikutana hufutana, hasa besi. Matundu makubwa ya bati la ndani ndiyo njia ambamo hukutana. Nimeyafunika kwa shuka nzito za lami ya mpira zenye karatasi ya alumini, nikazikandamiza kwa kipande cha mpini wa jembe hadi zikashika, na nyingine nikabandika kwenye bati la nje nyuma ya spika. Matundu ya maji nimeyaacha wazi na nimeyapima kwa kumwaga jagi la maji. Karatasi ya nailoni nimeikata mpya na kuigundisha ukingo mzima. Mlango sasa ukifungwa unatoa mlio mzito, kama wa gari jipya.

Twita zimekaa kwenye pembe za kioo. Betri ya 1.5 volti ilipita tena, na safari hii koni zote mbili zilitoka nje.

Jumamosi, 19 Aprili

Jaribio la maneno, barabara ile ile, mwendo ule ule, orodha iliyopangwa upya ili mama asiikariri. Amepata 19. Lililompotea ni "sina", na wakati huo lori lilikuwa linatupita.

Redio nimeiweka hivi: kizuizi cha sauti za chini kwa spika za mbele kwenye hezi 80, ili koni zisihangaike na mitetemo ambayo milango haiwezi kuibeba, besi kwenye sifuri, trebo imepunguzwa hatua moja, kwa sababu upande wa dereva twita iko karibu mno na sikio, na spika za nyuma zimeshushwa hadi zisikike kwa abiria wa nyuma tu. Zamani kwenye vumbi tulikuwa tukifika namba 30 ya sauti. Leo tumekwenda hadi shambani na 17. Baada ya habari za TBC Taifa ilifuata kwaya, na kwa mara ya kwanza katika gari hili nilizisikia sauti nne zikiwa nne, ya tatu ikiwa wazi, ambayo kwa kawaida huwa ya kwanza kumezwa.

Matumizi yote: seti 235,000, mbao za plastiki 36,000, shuka za lami 48,000, usafiri wa basi 7,000, waya, skrubu na tepu 11,000. Jumla ni shilingi 337,000.

Jumamosi, 17 Mei

Baada ya wiki tano za lami na vumbi, nimefungua mlango wa kushoto kukagua. Ndani ni pakavu juu ya matundu. Pete haijasogea. Skrubu moja kati ya nne ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Nimeikaza na kuziwekea zote tone la rangi ya kucha, ili nikifungua tena nione kama imezunguka. Mlango wa kulia nitaukagua Jumamosi ijayo, na spika za nyuma zitasubiri mavuno ya viazi.

Tukiwa njiani leo redio imeitaja tena bei ya shaba. Mama alikuwa anahesabu risiti za mbolea, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Shaba imeshuka," akaendelea kuhesabu.